Hasara Isiyo na Risiti: Namna ya Kuongoza Kikundi Kirekebishe Kazi Yake



Vikundi vingi tunavyovitembelea hapa Magongo, Mikindani, Chaani na Jomvu vina vitabu vizuri. Fedha zilizoingia zimeandikwa, zilizotoka zimeandikwa, risiti zimetungwa kwenye waya, na mkaguzi akija hakuna la kumficha. Hata hivyo faida haionekani. Akina mama wanashona sare za shule tangu Januari, cherehani hazilali, na ifikapo Desemba mgao wa kila mmoja hautoshi kununua doti ya leso na kilo mbili za nyama ya Krismasi.

Hapo ndipo minong'ono huanza. Macho yote yanamgeukia mweka hazina. Mmoja anaacha kuja mkutanoni, wa pili anadai arudishiwe hisa zake, na kikundi kilichojengwa kwa miaka mitano kinavunjika kwa mwezi mmoja. Tumeviona vikundi vikifa hivyo, na mara nyingi vitabu vikichunguzwa baadaye inaonekana wazi kwamba hakuna aliyekula hata senti. Pesa zilipotelea katika kazi yenyewe: katika kusubiriana, katika kitambaa kilichokatwa vibaya, katika sweta zilizorudishwa na mwalimu mkuu, katika unga uliokaa mpaka ukaingia wadudu. Hasara ya namna hii haina risiti, kwa hiyo haiingii kitabuni. Mweka hazina hawezi kuiona hata akiwa mwaminifu kama malaika.

Basi safari hii tunataka kueleza namna viongozi wa kikundi wanavyoweza kuitafuta hasara hiyo pamoja na wanachama wao, na kuipunguza kidogo kidogo bila mkopo wala mfadhili.

WAJAPANI NA NENO "MUDA"

Watu walioishughulikia sana hasara hii ni Wajapani wa kampuni ya Toyota, hao hao walioyaunda magari mengi ya matatu tunayopanda kwenda mjini. Wana neno lao la kuiita: muda. Si kwamba wamelichukua kwetu, ni maneno mawili yaliyofanana tu. Kwa Kijapani muda ni jambo la bure, kazi isiyozaa kitu. Kwetu muda ni wakati. Lakini ukikaa ukafikiri utaona maneno haya yanapatana, kwa sababu sehemu kubwa ya hasara za kikundi ni wakati wa watu uliokwenda bure.

Toyota haikuanza ikiwa tajiri. Mzee Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867, alikuwa mtoto wa seremala, na alishughulika maisha yake yote na mitambo ya kufumia nguo. Mwaka 1924 ulikamilika mtambo wake mmoja uliojisimamisha wenyewe uzi ukikatika. Huenda ukasema hilo ni jambo dogo. Lakini kabla yake, uzi ukikatika mtambo uliendelea kufuma, na kitambaa chote kilichofuata kilikuwa na kasoro, kwa hiyo ilibidi mtu asimame pale kutwa nzima akiutazama. Mtambo ulipojifunza kusimama, mtu mmoja aliweza kuangalia mitambo mingi. Tushike hapo, maana jambo hili la kusimama kosa linapotokea tutalirudia.

Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeanzisha kampuni ya magari mwaka 1937. Kufikia 1950 kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Magari yaliundwa na wanunuzi hawakuwepo, mgomo ukazuka, zaidi ya wafanyakazi elfu moja wakaondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Hapakuwa na pesa za kununua mashine mpya wala kujenga maghala. Mhandisi wao mmoja, Taiichi Ohno, aliyekuwa ameshaanza kujaribu mambo katika karakana aliyoisimamia, akaendelea kutafuta pesa mahali pekee palipobaki, yaani ndani ya kazi yenyewe. Ndiyo sababu tunasema habari hii inavihusu vikundi vyetu kuliko habari za makampuni yaliyoanza na mtaji mnono. Ilizaliwa na ukata.

Miaka ya 1980 wataalamu wa Marekani walipoichunguza kazi hiyo waliiita kazi nyembamba, tuseme kazi isiyo na manyama uzembe. Wajapani wenyewe hupenda neno kaizen, maana yake kubadilisha ili iwe bora, leo kidogo na kesho kidogo. Afrika imeshaanza kuisikia. Ethiopia iliiomba Japani msaada wa mafunzo haya baada ya mkutano wa Yokohama wa 2008, viwanda 30 vikachaguliwa kwa majaribio kuanzia 2009, na mwaka 2011 serikali yao ikaunda taasisi maalum ya kaizen. Tanzania ilianzia hospitalini, tutaona hapo mbele.

MASHATI ISHIRINI

Turudi kwenye cherehani. Tuseme kikundi kimepata kazi ya mashati 20 ya shule. Kuna washonaji wanne. Wa kwanza anakata, wa pili anaunga mwili, wa tatu anatia kola na mikono, wa nne anatia vifungo na kupiga pasi. Tufanye kila hatua inachukua dakika 10 kwa shati moja.

Desturi yetu ni hii: mkataji anakata mashati yote 20, anayafunga furushi, anampa wa pili. Wa pili anamaliza yote 20, anampa wa tatu. Kila hatua inakula dakika 200. Hatua nne ni dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20. Shati la kwanza kabisa linakamilika dakika ya 610. Mpaka saa hiyo hakuna hata shati moja la kumwonyesha mwalimu.

Sasa jaribuni njia nyingine. Mkataji akimaliza shati moja ampe wa pili papo hapo, naye akimaliza ampe wa tatu. Shati la kwanza linatoka baada ya dakika 40. La mwisho linatoka dakika ya 230, ambayo haifiki hata saa nne. Washonaji ni wale wale, cherehani ni zile zile, na mkono wa mtu haukuongeza mbio hata kidogo.

Fundi mmoja alitubishia hapo akasema: "Lakini wakati wa kusubiri furushi mimi hufanya kazi nyingine." Ni kweli, na kama kazi nyingine ipo basi saa hizo hazikupotea zote. Isitoshe, dakika hazilingani hivyo katika maisha, kola ina shida zake na kukata ni haraka kuliko kushona. Itabidi mgawane upya, pengine mkataji ashike na vifungo. Hayo mtayaona nyinyi wenyewe. Lakini faida kubwa zaidi iko kwenye makosa. Kama mkataji amekosea upana wa kola, kwa njia ya furushi mtagundua wakati kola zote 20 zimeshakatwa. Kwa njia ya moja moja wa tatu atapiga kelele kwenye shati la kwanza, na wakati huo kola zilizoharibika ni tatu au nne tu. Kitambaa siku hizi mnajua bei yake.

KRETI TUPU LA SODA

Ohno alikuwa akipenda kutoa mfano wa maduka makubwa ya Marekani, ambako mteja anatoa kitu kwenye rafu na mwenye duka anajaza pengo lile lile lililoachwa. Sisi hatuhitaji kwenda Marekani. Mwangalie mwenye kioski anayeuza soda za chupa. Gari la soda likija, haulizwi ana ndoto gani ya mwezi ujao. Anatoa makreti matupu manne, anapewa manne yaliyojaa. Kreti tupu ndilo linalosema: leta. Kama halijawa tupu hakuna kinacholetwa.

Huko Toyota walitumia kadi badala ya kreti. Karakana ya mbele ikimaliza vipuri inarudisha kadi, na karakana ya nyuma inaunda kiasi kile tu kilichoandikwa. Kikundi kinachotengeneza sabuni ya maji kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa mitungi yake: mitungi tupu iliyorudi ndiyo inayosema leo tupike kiasi gani. Badala yake tunaona vikundi vikipika kwa sababu ni Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ya kupika. Mitungi inajaa kwenye chumba cha mwenyekiti, mtaji umelala humo ndani, na wanachama wanaambiwa hakuna pesa za mgao.

Vitu vilivyokamilika vikajaa rafuni vinafurahisha macho, na mgeni akija anapigwa navyo picha. Lakini ni pesa zilizolala, na wakati mwingine haziamki. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kuingia Kenya, zikarudi Agosti. Watalii hawakuwepo. Mtu aliyekuwa na sanduku la shanga na vinyago vilivyokamilika alikaa navyo, na kodi ya nyumba haikumsubiri.

Hapa lazima tuseme na upande wa pili, kwa sababu kuna watu wakisikia jambo moja hulibeba mpaka linawaumiza. Haifai kila kitu kuwekwa kidogo. Magongo maji ya mfereji hayana siku maalum. Kikundi cha sabuni au cha mapishi kisichokuwa na tangi lililojaa kitafunga kazi siku mfereji ukikauka, au kitanunua maji ya mkokoteni kwa bei ya mwenye mkokoteni. Wekeni tangi. Toyota wenyewe, baada ya tetemeko kubwa la Japani la Machi 2011 kuvunja viwanda vilivyowaletea vipuri, walitaka baadhi ya vipuri vigumu kupatikana viwekwe akiba ya miezi kadhaa. Kipimo ni hiki: kitu kinachoweza kukatika bila taarifa na kusimamisha kazi nzima, kiwekeeni akiba. Kitu kinachopatikana kila siku hapo barabarani kwa mwenye duka, akiba yake iacheni kwake. Hasa unga na sukari, kwa unyevu huu wetu wa pwani.

KOSA LINAPANDA BEI NJIANI

Jirani zetu wachonga vinyago wa Akamba Handicraft, ushirika ulioanzishwa mwaka 1963 hapa Changamwe, ni shule nzuri kwa mtu anayejua kutazama. Sanaa yenyewe ina historia ndefu. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza akairudisha nyumbani, na kutoka Wamunyu ikashuka mpaka pwani. Ukienda kuwatazama wachongaji wakiwa kazini utaona gogo likianza kwa shoka, kisha tezo, kisha kisu, kisha msasa, na mwisho rangi ya kung'arisha.

Sasa fikirini juu ya ufa. Gogo bichi likichongwa kabla halijakauka, ufa unaweza kutokea baadaye. Mchongaji yeyote, popote alipo, akiukuta ufa kwenye gogo, hasara yake ni kipande cha mbao. Akiukuta baada ya tezo, amepoteza na asubuhi yake. Baada ya msasa, amepoteza na siku ya yule aliyempigia msasa. Na wapo wachongaji wa mitaani wanaouziba kwa unga wa mbao na gundi, wakapaka rangi juu. Hapa kwetu penye unyevu hauonekani. Twiga yule akifika Ulaya, kwenye nyumba yenye joto kavu la majira ya baridi, anapasuka shingo. Hapo aliyepotea ni mnunuzi, na pamoja naye maduka yote aliyokuwa akiyauzia. Kosa ni lile lile moja, ila limepanda bei kila lilipopita mkono wa mtu aliyeliona akanyamaza.

Na mbao yenyewe si ya kuchezewa. Muhugu uliochongwa kwa miaka mingi unakua polepole mno na ukawa adimu, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaanza juhudi za kuwashawishi wachongaji watumie mwarobaini, mwembe na miti mingine ya mashambani. Kwa hiyo kipande kilichotupwa ni hasara ya mfuko na ya msitu pia. Bwana Yesu alipowalisha watu elfu tano, hakuondoka mpaka makombo yamekusanywa, na Injili inatuhesabia vikapu: kumi na viwili. Mchongaji anayegeuza makombo ya gogo kuwa vijiko na vishikio vya funguo yuko katika njia hiyo hiyo.

FAINI NA MSUMARI

Tumefika mahali pagumu. Mtambo wa mzee Toyoda ulisimama wenyewe. Binadamu hasimami wenyewe, anasimama akiruhusiwa. Katika viwanda vya Toyota kuna kamba ambayo mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wake anakuja mbio kusaidia, na wasipoitatua haraka kazi inasimama. Anayevuta haadhibiwi.

Sisi tunafanyaje? Vikundi vyetu vinapenda faini. Kuchelewa mkutanoni faini, kuongea bila ruhusa faini, na kuharibu kazi faini. Faini ya kuchelewa hatuna ugomvi nayo. Lakini faini ya kuharibu kazi, kwa maoni yetu, ndiyo inayoua vikundi vya biashara. Mwanachama aliyetozwa shilingi 100 kwa kukata vibaya, mara ya pili atakata vibaya akanyamaza. Ataficha kitambaa chini ya furushi. Nyinyi mtakuja kukijua kwa mwalimu mkuu, na hapo hakuna faini itakayorudisha ile tenda.

Tuchukue mfano. Shule imerudisha sweta sita, shingo haipiti kichwani. Mkutano umechacha, watu wanataka mkataji alipe. Kiongozi mwenye busara anauliza kwanza, na anaendelea kuuliza.

Kwa nini shingo ni ndogo? Kwa sababu zilikatwa kwa kipimo cha karatasi nyingine, si ile ya kawaida. Kwa nini karatasi nyingine? Ile ya kawaida ilichanika, mkataji akachora mpya kwa kukumbuka. Kwa nini ilichanika? Ililowa mafuta ya cherehani. Kwa nini ikalowa mafuta? Ilikuwa imewekwa chini ya meza, karibu na chupa ya mafuta. Kwa nini iliwekwa hapo? Kwa sababu haina mahali pake.

Kumbe dawa ni msumari. Msumari mmoja ukutani, karatasi ya kipimo itundikwe hapo, na nakala yake ikatwe kwenye kadibodi ngumu. Mngemtoza mkataji shilingi 100, msumari usingepigwa na shingo zingerudi kuwa ndogo mwezi ujao kwa mkono wa mtu mwingine. Huko Japani hufundishwa kuuliza "kwa nini" mara tano. Tano si amri ya mbinguni, wakati mwingine mara tatu zinatosha, bora msikome kwenye jina la mtu. Mkifika kwenye jina la mtu, ulizeni tena: kwa nini mtu huyu, ambaye si mjinga na anapenda kikundi, alifanya hivyo?

Kwa desturi zetu jambo hili si rahisi. Binti aliyejiunga juzi hawezi kumwambia mama mwenyekiti mbele za watu kwamba utaratibu wake ndio unaochelewesha kazi. Heshima haimruhusu, na hatutaki heshima ife. Kwa hiyo mama mwenyekiti ndiye aanze. Yeye mwenyewe aseme mkutanoni: "Nionyesheni kazi yangu inakowakwamisha." Akishaambiwa jambo moja, hata dogo, alirekebishe wiki hiyo hiyo na wote waone. Mara ya pili watu watasema zaidi. Lakini akinuna mara moja tu, mlango umefungwa kwa mwaka mzima.

KIONGOZI ASIMAME WAPI

Inasimuliwa kwamba Ohno alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, akimwambia msimamizi asimame ndani ya duara hilo aitazame kazi, naye anaondoka. Akirudi baada ya saa nyingi humuuliza: umeona nini? Asiyeona kitu alibaki pale pale.

Tunawashauri wenyeviti na makatibu wafanye nusu saa tu. Siku ya kazi, si siku ya mkutano. Simama mahali usipozuia watu, nyamaza, uwe na daftari. Hesabu: mama huyu ameinuka mara ngapi kutafuta mkasi? Cherehani ya pili imekaa kimya dakika ngapi ikingoja uzi? Mandazi yanatoka kwenye karai yanakwenda wapi, yanazunguka njia gani mpaka kwenye beseni la muuzaji? Kuna kikundi ambacho unga uko chumba cha nyuma, maji yako uani, jiko liko mlangoni, na anayekanda unga anatembea kutwa kama askari wa zamu. Hakuna aliyepanga hivyo, vitu vilikaa tu vilipoangukia siku ya kwanza.

Usirekebishe siku hiyo. Watu wakiona mwenyekiti anatazama nusu saa kisha anatoa amri kumi, watajua ni upelelezi. Waulize wanaofanya: nini kinakuchosha hapa? Mara nyingi wana jibu tangu zamani, ni vile hawajawahi kuulizwa.

S TANO ZA MBEYA

Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, Tanzania, ilianza utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, na ukaenea hospitali nyingine za nchi hiyo. Watanzania, kwa ufundi wao wa lugha, walizigeuza hatua tano za Kijapani zikawa za Kiswahili na bado zote zinaanza kwa S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Kusasambua ni kuchambua: kinachotumika kibaki, kisichotumika kitoke. Kuseti ni kukipa kila kitu mahali pake, kama ule msumari wetu. Kusafisha mnakujua. Kusanifisha ni kukubaliana njia moja ya kufanya jambo na kuiandika, ili asiyekuwepo jana aifuate. Kushikilia ni kuendelea mgeni akishaondoka.

Vikundi vingi hurukia safisha, hasa ikisikika kwamba mfadhili anakuja Alhamisi. Chumba kinang'aa Alhamisi, Jumatatu mkasi umepotea tena. Kama mna nguvu ya hatua mbili tu mwezi huu, fanyeni kusasambua na kuseti. Vyerehani vibovu vitatu vilivyokaa pembeni tangu marehemu mwenyekiti wa kwanza, uzeni kwa fundi wa vipuri. Mtashangaa nafasi itakayopatikana.

AKIBA YA MUDA NI YA NANI?

Hili hatutaki lipite. Miaka ya 1990 neno "mageuzi" lilipoingia kwenye ofisi za serikali na mashirika, watu wengi walielewa maana yake walipopewa barua za kusimamishwa kazi. Na njia hii ya Wajapani nayo imetumiwa na waajiri wengine kwa namna hiyo: mfanyakazi anaeleza namna ya kuokoa saa mbili, mwajiri anamshukuru, kisha anaondoa mtu mmoja. Anayefanya hivyo mara moja asitegemee kusikia wazo la pili. Nani atamwonyesha mwajiri njia ya kumfukuza jirani yake?

Kanisa limesema wazi, na Papa Yohane Paulo wa Pili alilieleza kwa kirefu katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo kabla hamjaanza, kikundi kipitishe azimio na katibu aliandike: hakuna mwanachama atakayepoteza nafasi yake kwa sababu kazi imerahisishwa. Saa zilizookolewa ziamuliwe na wote. Pengine mtachukua tenda ya pili. Pengine akina mama watakwenda nyumbani saa tisa badala ya saa kumi na mbili, na hiyo pia ni faida, hata kama mweka hazina hana safu ya kuiandika. Mama mwenye mtoto mchanga anaijua bei yake.

MWANZO WENYEWE

Msianze na mambo matano. Chagueni kazi moja, ile inayolalamikiwa zaidi. Tafuteni ubao mweusi wa zamani au kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi, kitundikwe karibu na kazi, kisitundikwe kwa mwenyekiti. Kila jioni andikeni vitu vitatu tu: tulikusudia kumaliza ngapi, tumemaliza ngapi, nini kilitukwamisha. Asiyejua kuandika achore alama, wengine watamsaidia. Jina la mtu lisiandikwe ubaoni.

Baada ya wiki mbili kaeni mbele ya ubao, mtazame ni kikwazo gani kimejirudia mara nyingi. Hicho ndicho cha kuuliza "kwa nini". Jaribuni dawa moja kwa wiki moja. Ikifaa, andikeni kuwa ndiyo njia yetu. Isipofaa, iacheni, hakuna aibu, ilikuwa majaribio. Kisha kikwazo cha pili.

Mweka hazina naye afungue ukurasa mpya nyuma ya kitabu chake. Aandike kila mwisho wa mwezi vitu vilivyorudishwa na wateja, vitambaa vilivyoharibika, siku ambazo kazi ilisimama na kwa nini, kisha akadirie kwa shilingi. Asomewe kila mwanachama mkutanoni, pamoja na hesabu za kawaida. Mwezi wa kwanza tarakimu zitaumiza kidogo. Azisome hivyo hivyo.

Vikundi vinavyotaka mtu wa kusimama navyo siku ya kwanza ya kutazama kazi viache ujumbe ofisi ya parokia, vikitaja siku ambayo kazi inafanyika kweli. Tafadhali msitupikie chai siku hiyo, tunataka kuwakuta mkiwa kazini.